Mkono wa Mwatima Unafika Wapi

Pale Xiaobei, mtaa wa Waafrika mjini Guangzhou, China, ukitaka kumjua Mtanzania anayesafiri kwenda nyumbani, usiulize tiketi. Utazame mlango wake. Wiki ile ya mwisho mlango haufungiki. Huyu kaja na dawa za mama yake, yule kaja na simu ya shemeji, yule na viatu vya bi harusi ambavyo ati havina uzito kabisa, na wote wanaingia kwa swali moja: una kilo? Maana tiketi ya ndege inakuja na kilo zake za mizigo, na kwa watu wetu wa Guangzhou kilo za msafiri si zake peke yake. Anayewanyima wenzake kilo atasemwa mpaka arudi, na akirudi atasemwa tena.

Mwatima binti Makame hakuwa akiombwa kilo na mtu. Si kwamba walimchukia, la hasha. Walimpenda, walimkopesha chumvi, walimwita kwenye hitima na kwenye arobaini za watoto. Walijua tu kwamba haendi popote. "Mwatima? Huyo wa hapa hapa," ndivyo walivyomtaja kwa wageni, na walidhani wanamsifu. Yeye alicheka nao. Kisha alipanda ngazi zake mpaka chumbani, nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu, na mlango wake ukafungika vizuri sana.

Kazi yake ilikuwa kuwanunulia watu. Mwenye duka Kariakoo anataka magauni, Mwatima anakwenda soko la Shisanhang kabla jua halijawa kali, anapapasa vitambaa, anagombana bei, anafunga marobota. Anataka viatu, anakwenda Zhanxi, anapenya katikati ya mikokoteni. Mzigo ukitimia kontena, unaondoka. Kwa nguo na viatu hakuna aliyemweza. Ila jioni alipakua wali kwenye sinia la shaba alilokuja nalo kutoka Unguja, sinia la watu wanne, na aliupakua upande mmoja tu, upande wake, ule mwingine wote ukabaki unang'aa. Angeweza kununua sahani, mji mzima unauza sahani. Hakununua.

Mumewe, Ghalib, alikuwa Kigamboni, ng'ambo ya pili ya feri ya Dar es Salaam. Maisha yake yote alikuwa dereva wa mabasi ya mikoani, mrefu ajabu, mikono kama ya watu wawili, makondakta wakimwita Twiga. Mwatima naye alikuwa mfupi, tena si mfupi wa kusingiziwa, mfupi hasa. Walipooana watu walicheka mpaka wakachoka. Mungu hakuwajaalia mtoto, basi walikuwa wao wawili tu, na hao wawili mmoja yuko huku na mwingine kule.

Ghalib alipostaafu alinunua gari-nyumba, lile gari lenye kitanda, jiko na choo humo humo ndani. Wazee wawili wa Kizungu, mume na mke, walikuwa wameliendesha kutoka Afrika Kusini mpaka Dar. Bibi akaugua, wakarudi kwao kwa ndege, gari wakaliacha kwa dalali. Ghalib akalishusha injini, akalipandisha, akalipaka rangi. Mpango ulikuwa wa wote wawili: gari likiwa tayari, Mwatima anafunga kazi, anarudi, wanaondoka. Bagamoyo, Pangani, Lushoto, mpaka Mbeya kwenye baridi. Njia hizo Ghalib alizipita miaka yote akiwa na abiria nyuma na tajiri kwenye simu, hakusimama hata kununua karanga. Safari hii alitaka asimame, tena asimame na mkewe.

Sasa kila Ghalib aliposema gari linakaribia, Mwatima alikuwa na kontena moja tu. Ndivyo alivyomwambia. Kontena moja tu, kisha nakuja. Likapakiwa, likazaliwa jingine. Korona ikafunga dunia, hilo si kosa lake. Lakini korona iliondoka zamani, na ile kontena moja tu haikuondoka. Ghalib mwanzo aligomba, halafu akanuna, halafu akanyamaza. Na mwanamume aliyezoea kugomba akinyamaza, ndugu yangu, ogopa.

Kwa hiyo siku alipotuma ujumbe wa kuagiza kitu, Mwatima aliusikiliza mara mbili kwa furaha. Ghalib alitaka trei za kuvuta. Gari lile, chini ya sakafu, ubavuni, lina mabuti kama ya basi, mapana na yenye kina. Kitu kikisogea mwisho wa buti, mpaka mtu alale chini aingie nusu mwili kukitoa. Sasa zipo trei zinazokaa juu ya reli. Unafungua mlango wa buti, unavuta, trei inatoka na vitu vyake. Mafundi wa Dar walimtengenezea moja ikakwama siku ya kwanza. Basi akatuma vipimo vya mabuti matatu na kuongeza kwamba Mwatima achukue zile zinazotoka nje theluthi mbili tu ya urefu wake, ni nyepesi na zinatosha.

Miezi kadhaa walikuwa wamebaki na hujambo sijambo, na leo kamwomba kitu cha gari lao. Mwatima aliwaacha wateja na marobota yao, akavaa buibui safi, akapanda treni ya chini ya ardhi mpaka soko la vyuma upande wa pili wa mji.

Chuma hakukijua. Aliingia dukani akapapasa kingo za trei kwa kidole kama anayekagua pindo la gauni, akajikata kidogo, akajinyonya kidole. Mwenye duka, mwanamke wa makamo aitwaye Chen, alimtazama tu. Mwatima alimwita laobani, yaani tajiri, kama wanavyoitwa wenye maduka wote wa mji ule, hata mwenye meza moja ya soksi. Kichina cha sokoni alikuwa nacho cha kutosha. Laobani akamwonyesha trei za bati zito na za aluminiamu, zenye gololi ndani ya reli na zisizo nazo, zenye komeo la kuzizuia zisichomoke gari likipanda mlima. Komeo hilo Mwatima alilipenda, akakumbuka milima ya Lushoto ambayo hajaiona.

Kisha laobani akauliza: vipimo hivi ni vya buti ndani, au vya mlango wake? Maana buti linaweza kuwa pana na mlango ukawa mwembamba, na trei inapita mlangoni. Mwatima akamwandikia Ghalib, Ghalib akajibu kwamba amepima ndani, ngoja, akaenda akapima milango na kuleta vipimo vipya. Mambo yakawa yanakwenda vizuri.

Halafu laobani akauliza swali la pili. Nani atavuta?

Mwatima alidhani hakusikia vizuri. Miaka yote hajawahi kuulizwa swali kama hilo. Kule Zhanxi kwenye viatu hakuna anayejaribu kiatu, unabeba sanduku zima na miguu ya kuvivaa mtaijua huko huko mbele. Akamwambia afunge tu, theluthi mbili, trei tatu. Laobani akakataa. Hauzi mpaka mvutaji avute, alisema, amechoka kurudishiwa mizigo. Pembeni alikuwa na kasha la mbao lililoinuliwa kwa kimo cha buti la gari, na ndani yake trei ya mfano. Akaweka kopo tupu la chai mwisho kabisa wa trei, akaisukuma ndani, akamwonyesha Mwatima kwa kidevu: haya.

Mwatima akavuta. Trei ikaja laini, bila kelele, ikasimama. Theluthi moja ya mwisho ikabaki ndani, gizani, na kopo likiwa huko. Akanyoosha mkono. Akainama. Akapiga goti kwenye saruji, akaingiza bega, shavu likagusa chuma cha baridi, vidole vikapapasa hewa. Akabadilisha mkono, kana kwamba mkono wa kushoto aliumbiwa na mtu mwingine. Kopo halikuguswa. Laobani hakucheka. Alisema neno moja tu, meiyou, neno wanalosema pale mtu akiulizia bidhaa ambayo haipo.

Akaleta ya pili, inayotoka yote. Hii ilipovutwa ilitoka nje nzima nzima mpaka kwenye mwanga, na kopo likasimama mbele ya tumbo la Mwatima. Angeweza kulichukua kwa vidole viwili.

Akampigia Ghalib hapo hapo. Guangzhou ilikuwa alasiri, Kigamboni bado asubuhi, na nyundo ilikuwa ikisikika. Akamweleza kwa furaha ya mtu aliyegundua jambo: waache hizo za theluthi mbili, wachukue zinazotoka zote. Ghalib akampa sababu zake kwa upole. Ni nzito. Ni ghali. Ukiiacha wazi barabarani bodaboda ataipitia. Theluthi mbili inatosha kabisa.

"Mimi nafika," akamaliza.

Mwatima alingoja. Alidhani sentensi ina nusu yake nyingine inakuja. Haikuja.

"Mimi sifikii," akasema.

Nyundo ikanyamaza kule Kigamboni. Ghalib alipozungumza hakuwa na hasira hata chembe. Afadhali angekuwa nayo.

"Mwatima, nimepima kwa aliyepo."

Asiyekuwepo na lake halipo. Wahenga walishamaliza. Mwatima mwenyewe alikuwa akiwatania nayo wateja wanaochelewa kuja kuchagua rangi za magauni, na wateja walicheka. Sasa alisimama katikati ya duka la vyuma, vumbi gotini, simu sikioni, na hakuona cha kuchekesha. Akamwambia mumewe haya, nimekuelewa. Akamwambia laobani atarudi. Akatoka bila kununua.

Ndani ya treni watu walimbana kila upande, na hajawahi kuwa peke yake kama siku ile. Alimkasirikia Ghalib vituo vitatu. Mwanamume gani anamfuta mkewe kwa futi ya chuma? Kituo cha nne hasira ikamwishia, kwa sababu alikumbuka safari yake ya mwisho nyumbani, kabla ya korona. Alifika na kilo za watu watupu. Likizo yote alizunguka Kariakoo, Temeke, Mwananyamala, akigawa dawa za mama wa fulani na simu ya shemeji wa fulani, na Ghalib akimsubiri na chakula kilichofunikwa. Siku ya kuondoka Ghalib alisema amefurahi kumwona akipita. Wakati ule Mwatima alidhani ni utani.

Na ukweli wenyewe, ule ambao hakuwahi kumwambia mtu, haukuwa kontena wala faida. Aliogopa. Huku angalau alijua kwa nini yuko peke yake: yuko mbali. Akirudi, akute nyumba imeshajifunza kuishi bila yeye, akae humo na mumewe na bado awe peke yake, atasema nini tena? Basi aliahirisha. Na kwa kuahirisha akaifundisha nyumba kitu kile kile alichokiogopa. Jioni ile alipakua wali wake upande wake wa sinia, akautazama ule upande mwingine uliobaki mtupu, na akalia kweli, kilio cha kwikwi, mpaka wali ukapoa.

Kesho yake alipiga simu Abdulhadi, mteja wake mkubwa wa Kariakoo. Nguo za Idi, alisema, na hakuna wa kumwamini zaidi yake. Akambembeleza kwa heshima zote, kisha akatia sukari ya mwisho: "Kontena moja tu, dada Mwatima."

Loo. Maneno yake mwenyewe, herufi kwa herufi, yakitoka kwenye kinywa cha mtu mwingine. Aliyasikia yalivyo mepesi. Akamwambia Abdulhadi, kwa adabu hiyo hiyo, kwamba kazi hiyo aichukue Hasna, binti wa Tanga anayeishi ghorofa ya chini yake, mwaminifu na anayejua vitambaa. Abdulhadi akauliza kama anaumwa. Akamjibu hapana, anafunga kazi.

Akarudi kwa laobani. Trei mbili akachukua za theluthi mbili, kama Ghalib alivyotaka, hizo zikaenda kwenye kontena la watu. Ya tatu, ya buti la karibu na mlango wa jiko, akachukua inayotoka yote. Laobani akamtaka avute tena. Akavuta, kopo likaja. Ndipo Mwatima akaomba kitu kilichomshangaza hata yule mwanamke asiyeshangaa: aifungue trei vipande vipande, reli mbali, bati mbali, viingie kwenye mabegi mawili ya ndege. Kontena linatangatanga baharini wiki na wiki, na yeye alikuwa ameshakinai kutuma vitu vitangulie.

Hasna ndiye aliyemwona akipandisha mabegi ngazini. "Da Mwatima, unasafiri?" akauliza, na macho yakamtoka. Mwatima akasema ndiyo. Basi. Kabla ya magharibi habari ilikuwa imefika kila chumba, na kwa mara ya kwanza tangu kabla ya korona mlango wa Mwatima ukakataa kufungika.

Walikuja wote. Dawa za mama zikaja, simu ya shemeji ikaja, viatu visivyo na uzito vikaja, safari hii vya bi harusi mwingine. Na hapa nataka unielewe: Mwatima alifurahi. Miaka mingapi amelisikia swali lile likipita mlango wake kwenda kwa jirani, leo linasimama kwake. Una kilo? Yalikuwa maneno matamu. Mara mbili alinyoosha mkono apokee. Kilo mbili ni nini, jamani? Reli moja tu ikibaki itafuata baadaye. Kisha akamkumbuka Ghalib na chakula kilichofunikwa, akaurudisha mkono.

"Sina kilo," akasema.

Wakadhani anatania. Wakauliza amebeba nini. Alipowaambia amebeba trei ya chuma ya kuwekea vitu ndani ya gari, walimtazama kama mtu aliyeanza kuchanganyikiwa kwa ukaaji wa muda mrefu. Mmoja aliondoka akisema mlangoni, kwa sauti ya kusikika, kwamba kumbe roho ya mtu huijui mpaka asafiri. Hasna peke yake hakuleta kifurushi. Alimsaidia kubana zipu, akambusu mkono, akaenda zake. Hakuna aliyerudi kumuaga.

Basi Mwatima alibaki na mabegi yake mawili na kuta. Sinia alikuwa amempa Hasna. Akampigia Ghalib, akamwambia Alhamisi anafika.

"Haya," akasema Ghalib. Haya ile ya mtu aliyeambiwa mvua itanyesha na yeye kalima jangwani. Alikuwa ameisikia Alhamisi, na Jumapili, na baada ya Ramadhani. Akauliza kwa kutimiza mazungumzo tu: "Kilo za watu umechukua ngapi?"

"Hata moja."

"Hata moja?"

"Nimebeba trei. Ile inayotoka yote. Nimewanyima kilo, Ghalib, wamenisusa."

Kule Kigamboni Mwatima alisikia hatua zikitembea kwenye kokoto, mlango wa gari ukifunguliwa, halafu mlio wa futi ya chuma ikivutwa. Ghalib aliporudi kwenye simu sauti ilikuwa imekwaruza. Akasema ndoano ya birika ameiweka kwa kimo chake. Kabati la vikombe vilevile, na swichi ya taa, na kamba ya pazia. Vyote itabidi vishuke. Akamtaka ampe kipimo cha mkono, kutoka begani mpaka ncha ya vidole, aanze kazi leo leo.

Mwatima akachukua futi yake ya kupimia marobota, akaweka simu kitandani. Akabana ncha ya futi kwa kidevu juu ya bega, akanyoosha mkono. Futi ikachomoka, ikajikunja yenyewe. Akaibana kwa kwapa, ikapinda katikati. Akajaribu kuikanyagia ukutani kwa bega, akaishia kuzunguka chumba kizima kama kuku anayetafuta pa kutagia. Maelfu ya nguo amewapimia watu, na hakujua kwamba mtu hawezi kujipima mkono wake mwenyewe bila wa kumshikia upande wa pili.

"Imekataa," akamwambia. "Ngoja, nijaribu tena."

"Acha, Mwatima," akasema Ghalib. "Huwezi peke yako. Nitakupima ukifika."